Baharia wa jahazi naye ni mfanyakazi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari yenu ya kazi zenye staha katika nchi za visiwa imenishinda kuinyamazia. Mmeeleza vizuri habari za Comoro, Shelisheli na Morisi, hoteli zao na viwanda vyao vya samaki. Mabaharia wanaovuka kutoka huku Mtwara kupeleka saruji na vyakula Ngazija na Nzuwani, visiwa vya Comoro, hamkuwataja hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Wakiwa wanapakua mzigo Moroni, kamba ilimbana mkono kwenye winchi, vidole viwili vikasagika. Nahodha alimfunga kitambaa, akamwacha kwa jamaa mmoja wa Kingazija, chombo kikageuza. Nauli ya kumrudisha tulichangishana sisi ndugu. Nilipomwendea tajiri mwenye jahazi akanijibu, “Mzee, mimi sikumwajiri huyo kijana, muulize nahodha.” Nahodha naye akasema hata yeye hana mkataba. Katika orodha ya mabaharia ya safari ile nilikuta limeandikwa jina la utani la mpwa wangu peke yake, jina ambalo hakuna hospitali wala ofisi ingelitambua!

Wataalamu hupenda kututajia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2006. Wausome mpaka kwenye ibara ya pili. Vyombo vya uvuvi vimeachwa nje, na majahazi nayo yameachwa nje kwa kutajwa. Kwa hiyo kijana wa Mikindani akipanda meli ya chuma ni baharia mwenye haki zake, akipanda jahazi, bahari ile ile, mawimbi yale yale, mizigo ile ile mgongoni, hana wa kumsemea. Hili linaniuma sana. Na sisi tusijifiche nyuma ya Geneva, makao ya Shirika hilo, maana hapa Tanzania Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha ni wake mwajiri. Matajiri wetu hawaulizwi. Miaka nenda miaka rudi hawaulizwi!

Na si baharini tu. Kina mama wanaobangua korosho hulipwa kwa kilo, na mafuta ya ganda yanawababua mikono bila glavu. Shemeji yangu alikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikakataa kusoma vidole vyake kwa jinsi alama zilivyofutika. Huyo naye tunamwita kibarua wa msimu, ndiyo basi.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kabla jahazi halijapewa ruhusa ya kutoka, iwepo karatasi moja ya Kiswahili kwa kila baharia: jina lake kamili, ujira wake kwa shilingi, nani atamtibu akiumia, nani atamrudisha nyumbani, na sahihi ya tajiri mwenyewe, si ya nahodha. Nakala moja ibaki bandarini, nyingine kwa familia. Tajiri asiyetaka kusaini, chombo chake kising'oe nanga.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara