Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Jengeni nyumba ya nesi kabla ya zahanati nyingine

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: NYUMBA ZA WATUMISHI WA ZAHANATI ZA VIJIJINI

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, nikiwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu. Kijiji sikitaji, kwa sababu ninayoyaeleza si ya kwetu peke yetu, na nisingependa mtumishi yeyote aitwe kuhojiwa kwa ajili ya barua yangu. Ombi langu ni moja. Zahanati mpya ya kijijini isifunguliwe, wala fedha za kumalizia boma jingine la zahanati, yaani jengo lililoinuliwa kuta tu, zisitolewe, kabla hakujawa na nyumba ya mtumishi palepale kwenye eneo la zahanati.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, ule uliosema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, tumeona majengo yakisimama mahali ambapo wazazi wetu walikuwa wakibeba wagonjwa kwa machela. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Namba hizo nazifurahia kwa moyo wangu wote. Wapo akina mama katika kitongoji changu ambao najua kabisa kwamba miaka ishirini iliyopita wasingepona.

Lakini zahanati ya kijijini, Mheshimiwa, inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo inabaki na mlinzi na kufuli. Kama nesi anaishi jirani, kufuli si kitu, maana utamgongea dirishani naye atatoka na khanga yake begani. Kama anaishi kwingine, jengo lile lote, na vitanda vyake na dawa zake, halina kazi mpaka kesho asubuhi. Na uchungu wa kujifungua hauangalii saa ya kazi.

Nikueleze usiku mmoja wa masika. Alikuja mwanamke wa uzao wa nne, wamekaa mshikaki kwenye bodaboda, yeye katikati na mama mkwe nyuma amemshikilia. Ilikuwa yapata saa nane. Mlinzi akapiga simu ya nesi, haipatikani. Nesi alikuwa amepanga chumba kwenye senta, upande wa pili wa kijito, na kijito usiku ule kilikuwa kimejaa. Mlinzi akamtuma kijana akamwamshe kwa miguu. Wakati wanasubiri, mtoto akazaliwa kwenye benchi la barazani, pale tunapokaa tukisubiri kupimwa, juu ya khanga mbili, kwa mwanga wa tochi ya simu, akina mama wa nyumba za jirani wakisaidia kadiri walivyojua. Mtoto alilia vizuri. Kisha mama akaanza kutoka damu, na haikukata.

Nesi alifika amelowa hadi kiunoni. Hakusalimia mtu. Alifungua mlango, akafungua jokofu la sola, akavuta dawa kwenye sindano, akamchoma yule mama pajani, akaanza kumkanda tumbo huku akimwagiza mtu apige 115, namba ya dharura. Damu ilipungua. Gari la dharura lilikuja alfajiri, mama akapelekwa Ifakara, na leo anaendelea na kilimo chake.

Mheshimiwa, dawa ilikuwapo muda wote ule. Ilikuwa hatua chache kutoka kwenye benchi alipolala, nyuma ya mlango uliofungwa. Bohari ya Dawa walikuwa wameileta, jokofu lilikuwa linafanya kazi, mtumishi aliyesomeshwa na Serikali alikuwapo kwenye orodha ya mishahara, na namba ya dharura iliitika. Kilichokosekana ni chumba cha kulala cha mtu mmoja karibu na mlango huo. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumuua mwanamke mzima wa afya ndani ya saa mbili. Oksitosini, ile sindano inayokaza mfuko wa uzazi, inahitaji kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo haiwezi kukaa kabatini kwa mama mkwe wala kwenye mkoba wa mkunga wa jadi. Lazima iwe kwenye jokofu, na mwenye ufunguo wa jokofu awe karibu.

Watu wengi kijijini walimlaumu nesi. Mimi simlaumu, na naomba wewe pia usimlaumu. Dada yule ni binti wa mkoa wa mbali, aliripoti kwetu na begi moja na godoro. Tulimtafutia chumba, tukakosa nyumba yenye choo cha kueleweka karibu na zahanati, akaishia senta, kwenye chumba cha bati nyuma ya duka, anakolipa kodi kutoka mshahara wake. Maji ananunua kwa ndoo. Usiku akiitwa, anatoka peke yake na bodaboda asiyemfahamu, msichana wa umri wa binti yangu, kwenye njia ambayo hata wanaume tunapita wawili wawili. Nani atashangaa akiandika barua ya uhamisho? Waliomtangulia waliandika. Kila anayeondoka anaondoka na kila alichojifunza kuhusu sisi: nani ana presha, mjamzito yupi alipasuliwa uzazi uliopita, mzee yupi hafuati dawa zake za kifua kikuu. Anayekuja anaanza upya.

Najua wataalamu wako watakuambia kwamba m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, umeshatatua jambo la dharura. Umesaidia sana, na ningependa wajue hivyo. Ukipiga 115 bure, kituo cha mkoa kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana wanaita dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye analipwa na mfumo, si na familia. Kabla ya hapo tulikuwa tukichangishana mafuta usiku wa manane huku mgonjwa anakata roho. Ila mfumo huo unasafirisha. Mtu wa kumtuliza mama, kumchoma sindano ya kwanza, kumwekea dripu na kueleza kwenye simu hali yake kitaalamu ili apokelewe ipasavyo, ni yule yule nesi. Na kwa bonde letu, masika barabara zinakatika. Gari linaweza kuchukua saa nyingi hata likiwa limetoka mapema. Saa hizo ndizo zinazoamua.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo sidhani linaonekana kwenye ramani za Dodoma. Sisi ni wakulima wa mpunga. Mpunga ukianza kutoa suke, familia nzima inahamia shambani kuamia ndege, tunalala kwenye madungu, vile vibanda vya kulindia shamba, na wengine wanakaa huko tangu kupanda hadi kuvuna. Mashamba yako mbali na kijiji, mengine ni safari ya nusu siku kwa baiskeli wakati wa maji. Huo ndio wakati malaria inapamba moto. Kwa hiyo miezi ambayo watoto wanaumwa zaidi ndiyo miezi ambayo wako mbali zaidi na zahanati. Mtoto akianza homa jioni, baba anahesabu: nikitoka sasa hivi nitafika zahanati usiku, nesi hayupo, bora nisubiri kuche. Mtoto mwenye malaria kali hana muda huo wa kusubiri. Anapata degedege alfajiri, na watu wanaanza kusema ni mambo ya kienyeji.

Bonde hili hili ndilo lililoifundisha nchi kuhusu vyandarua. Miaka ya 1990, Kilombero na Ulanga zilikuwa wilaya za mradi wa vyandarua vyenye dawa, na matokeo yake, kwamba vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa zaidi ya robo, yalisaidia kuzaa mpango wa nchi nzima wa Hati Punguzo, ile hati ya kumpunguzia mjamzito bei ya chandarua, mwaka 2004. Nalisema hili kwa sababu nataka ujue kwamba watu wa huku hawapingi huduma. Tulipoelezwa, tulifuata. Tulipoambiwa tusijifungulie nyumbani, wake zetu wakaacha kujifungulia nyumbani. Serikali imetuita zahanati, nasi tumeitika. Basi tukifika tumkute mtu.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na tuliambiwa lengo ni kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Naliunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Wahudumu hawa ni vijana wa vitongoji vyetu, tunawajua kwa majina, na hawahitaji kujengewa nyumba kwa sababu kwao ni hapa hapa. Msimu wa kilimo wangeweza kutufuata madunguni wakiwa na kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto, wakamtambua mjamzito mwenye miguu iliyovimba na macho yanayoona giza, wakamleta kabla kifafa cha mimba hakijamfika. Lakini naomba wasije kugeuzwa mbadala wa nesi. Mhudumu wa jamii akimleta mgonjwa usiku, ampeleke kwa nani? Kazi yake yote inaishia kwenye mlango ule ule.

Sasa kuhusu fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za zahanati zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na sisi wa kamati tunakaa na mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, kupanga matumizi. Ni utaratibu mzuri, umetufanya tujisikie zahanati ni yetu. Zinatosha kuongeza dawa zilizokosekana, sabuni, mafuta, kurekebisha bomba na kitasa. Nyumba hazijengi. Na kwa upande wetu wananchi, tumezoea utaratibu wa kuinua boma kwa nguvu zetu mpaka lenta, kisha Serikali inaleta fedha za kumalizia. Tulifyatua tofali, tukasomba mawe na mchanga, kila kaya ikatoa mchango. Lakini miongozo na ziara za viongozi zimetufundisha kwamba boma linalohesabiwa ni la zahanati. Nyumba ya mtumishi huwa ni "awamu ya pili", na sijaona awamu ya pili ikifika hapa jirani. Ndiyo maana unakuta kata ina zahanati tatu, zote zina rangi nzuri, na usiku hakuna hata moja iliyo wazi. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua, ningechukua zahanati moja yenye watumishi wawili wanaolala hapo, kuliko hizo tatu.

Nyumba ninayoiomba si ya anasa. Iwe ya familia mbili chini ya paa moja, ili nesi na tabibu wasiachwe mmoja mmoja na wapokezane zamu. Iwe na choo cha ndani, tangi la kuvuna maji ya mvua, na taa ya sola inayomulika mpaka kwenye mlango wa zahanati, maana hata ile njia fupi ya usiku inamtisha mtu. Sehemu zenye mafuriko kama kwetu ijengwe pamoja na chumba cha Mama Ngojea, ambako mjamzito anayetoka madunguni anaweza kukaa wiki za mwisho badala ya kuvuka mto akiwa na uchungu. Na anayeamshwa usiku alipwe posho yake ya kuitwa kazini kwa wakati, bila kufuatilia ofisi kwa ofisi, kwa sababu ukimweka mtu karibu na kazi saa ishirini na nne bila kumlipa, nyumba hiyo nayo ataikimbia.

Waganga wakuu wa wilaya wanajua zahanati zipi hazina nyumba. Naomba orodha hiyo ikusanywe na ibandikwe hadharani, halmashauri kwa halmashauri, kabla bajeti ya Ofisi yako haijasomwa bungeni, ili kila mbunge na kila diwani ajue zake. Na fedha za kumalizia maboma mwaka ujao zianzie kwenye zahanati hizo.

Hapa kwetu mkutano wa kijiji umeshapitisha kiwanja upande wa mashariki wa zahanati, mawe na mchanga vimesombwa, na tofali tumeanza kuchoma. Tunachosubiri ni ramani iliyoidhinishwa, saruji, nondo na bati.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati,
Bonde la Kilombero, Morogoro.