Moto nyuma ya ukumbi

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila goti la baba yako limezidi. Dawa ulizotuma zimefika.

Jumamosi shangazi yako alinikokota mpaka TaSUBa, ile taasisi ya sanaa hapa Bagamoyo, kuona ngoma. Mie kwangu bado ni Chuo cha Sanaa, kama kilivyoanza mwaka 1981. Hilo jina la 2007 ulimi wangu haujalizoea. Tulikatiza Mji Mkongwe kwa miguu, tukapishana na watalii waliotoka Mission ya Wakatoliki kuona mnara ilikolazwa maiti ya Livingstone, yule mpelelezi Mzungu, mwaka 1874. Wametoka mbali kote huko kwa ajili ya maiti mpita njia, na ukumbi ulio hai pale karibu na bahari hakuna anayewaambia!

Kufika nyuma ya ukumbi, nikaona moto. Moyo ukanipiga paa. Wewe hukumbuki, ila mwaka 2002 ukumbi wa zamani uliungua, na huu wa kisasa ukaja baadaye. Nikamng'ang'ania shangazi yako mkono.

Kumbe vijana wanakanza ngoma. Wamewasha kuti kavu, mmoja kainamisha ngoma ngozi ielekee moto. Anaigonga kwa kidole, anaitegea sikio, hajaridhika, anairudisha. Akaniambia upepo wa bahari unailegeza ngozi, ikiingia jukwaani hivyo inalia kama debe. Ndani kuna mataa na maspika makubwa, lakini kazi bado inaanzia kwenye kuti!

Walianza na ala za Kigogo, zeze na ilimba ile ya kupigwa kwa vidole gumba. Nikamkumbuka Mzee Hukwe Zawose, bingwa wa ala hizo, mtu wa huko huko Dodoma uliko, aliyefundisha hapa na kufariki 2003. Kilichoniudhi ni masimu tu: wa mbele yangu kainua lake juu muda wote, nikawa naangalia mchezo kwenye kioo chake kama nimekaa nyumbani.

Basi ukaingia mdundiko, ngoma ya Kizaramo. Wanawake wa safu yetu wakainuka mmoja mmoja. Shangazi yako akanivuta, nikamwambia miguu inauma. Akaniambia, "Anayeumwa mguu ni mumeo." Nikajifunga kanga kiunoni.

Tamasha la sanaa la hapa Bagamoyo likikaribia nitakujulisha, uombe ruhusa kazini mapema. Baba yako nimemwambia nilikaa kitini mpaka mwisho, nawe ukipiga simu useme hivyohivyo.

Mama yako