Mwanangu, Njia Hugawanyika kwa Indra

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza ni nani aliyeleta Ayurveda, elimu ya tiba ya kale ya Uhindi: Brahma, mungu muumba, au Dhanvantari, mungu wa tiba. Masimulizi ya Kihindu yanasema Brahma hakuibuni, aliikumbuka. Akamfunza Daksha, bwana wa viumbe, Daksha akawafunza mapacha Ashvin, matabibu wa miungu, nao wakamfunza Indra, mfalme wa miungu. Mpaka hapo njia ni moja.

Kwa Indra inagawanyika, na hapo ndipo wengi hukosea. Kitabu cha Charaka, tabibu wa kale, chenye sura 120, kinamtaja Bharadvaja, mwenye hekima aliyetumwa kwa Indra maradhi yalipowazidi watu. Elimu ikamfikia mwalimu Atreya na wanafunzi wake 6. Hawa ni watu wa dawa na lishe. Kitabu cha Sushruta, mpasuaji wa kale, kinamtaja Dhanvantari, aliyekuja duniani akiwa Divodasa, mfalme wa Kashi, ndiyo Varanasi ya leo. Hawa ni watu wa kisu, yaani upasuaji. Usiwachanganye: Charaka mwenyewe, uvimbe wa tumbo ukihitaji kupasuliwa, huwaachia watu wa Dhanvantari mgonjwa huyo.

Ukisimulia alivyozaliwa Dhanvantari, usiruke hatua. Miungu na asura, mahasimu wao, waliipekecha bahari ya maziwa kutafuta amrita, kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ulikuwa upekecho, nyoka Vasuki kamba. Asura walishika upande wa kichwa, pumzi ya moto ikawababua. Mlima ukazama kwa kukosa tegemeo, hadi mungu Vishnu alipojigeuza kasa akaubeba mgongoni. Kisha ikatoka sumu. Mungu Shiva akaimeza, ikamgeuza koo buluu. Nionavyo mimi, sumu hiyo ndiyo kiini cha kisa, na wanaoiacha wanakiharibu. Dhanvantari alitoka baadaye, chungu cha amrita mkononi. Wahindu humwadhimisha siku ya Dhanteras, siku 2 kabla ya Diwali.

Itazame pia sanamu yake. Katika nyingi, mkono mmoja kati ya minne umeshika ruba, na ruba huyo si pambo. Sushruta anataja aina 12 za ruba, 6 zina sumu. Wasio na sumu huwekwa kunyonya damu mbaya kwa watoto, wazee na wanyonge wasioweza kisu. Ruba akishashiba hupakwa unga wa mchele, mdomoni mafuta na chumvi, kisha hukamuliwa taratibu kutoka mkiani kuelekea kichwani mpaka atapike yote. Damu ikibaki tumboni, ruba huugua na kufa.

Mzazi wako akupendaye