Risala ya BMU ya Mwalo Wetu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uvuvi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Uvuvi, Mtendaji wa Kijiji, viongozi wa dini, wavuvi, akina mama wa dagaa na wananchi wote,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, 21 Novemba. Tunakushukuru na wewe kwa kufika hapa mwaloni, samaki wetu wanaposhushwa. Barabara yetu unaijua sasa. Wageni rasmi wawili waliokutangulia iliwashinda wakatuma wawakilishi. Wewe umekuja mwenyewe, na hilo tumeliona.

Mheshimiwa, historia yetu ni ndefu lakini muda ni mfupi. Vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, vilianza kuundwa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 ikavitambua. Chetu kilizaliwa, kikalala, kikafufuliwa, kikalala tena. Sasa kiko macho.

Mafanikio ni mengi. Tumetokomeza uvuvi haramu kwa kiasi kikubwa katika ghuba yetu, hasa mchana. Tumekamata makokoro mawili, yaani nyavu za kukokota, na vipande vya timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, vyote vikachomwa mbele ya Afisa Uvuvi. Tumejenga choo cha kisasa cha mwalo, kimebaki bati na mlango. Elimu tumetoa, na wananchi wameelewa.

Mheshimiwa, hapa ndipo tunapoomba sikio lako.

Ghuba hii unayoiona, kuanzia kwenye yale mawe hadi mwisho wa matete, ni mazalia. Sato huchimba viota kwenye maji ya kina kifupi, na jike huatamia mayai mdomoni. Kokoro likipita hapo linakomba vyote: kiota, mama na mayai aliyoyabeba. Sangara nao wanakulia humuhumu. Sheria hairuhusu sangara wa chini ya sentimita 50, lakini usiku wanavuliwa wa urefu wa kiganja. Ndiyo maana wananchi wenyewe, katika mkutano wa kijiji, tulikubaliana eneo hili lisivuliwe. Hatukusukumwa na mtu.

Tuliahidiwa boti ya doria na injini yake. Boti ililetwa, tukapiga vigelegele, picha zikapigwa. Injini tukaambiwa iko njiani. Mheshimiwa, huu ni mwaka wa tatu iko njiani. Mgeni rasmi mmoja alitutumia salamu kwamba suala hilo amelibeba. Hatuna shaka hadi leo bado amelibeba.

Kwa hiyo doria tunafanya kwa mtumbwi na makasia. Wenye makokoro wana mashine ya nguvu za farasi 15. Wakitusikia tunakuja, wanamaliza kwanza kuvuta nyavu, ndipo wanawasha. Wengine hutupungia mkono. Sisi tunakuta povu. Wajumbe wetu wawili waliwahi kusukumwa na upepo nje ya ghuba wakalala majini, na mke wa mmoja wao hataki tena kusikia neno doria. Hatumlaumu.

Tunaambiwa ulinzi huu ni shirikishi. Ni kweli: kwenye kusaini mahudhurio ya semina tunashirikishwa, na samaki wakipungua tunashirikishwa kwenye lawama. Kwenye injini na mafuta bado. Wenzetu wa Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa 1995, wana vijiji ndani ya hifadhi, na sheria inataka vishauriwe. Sisi hatuombi kuwa hifadhi. Tunaomba injini moja. Na siku maboya ya mipaka yatakapowekwa, tunaomba wazee wavuvi wawemo ndani ya boti, kwa sababu mtaalamu aliyetuchorea ramani ya kwanza aliacha viota nje akalinda matope.

Tuna mahitaji mengine, kama jaketi okozi na lile bati la choo, lakini leo hatutaki kukuchanganya.

Mheshimiwa, boti yenyewe iko nyuma ya meza kuu, chini ya mwembe. Tunaomba uiangalie kabla ya chakula. Kuku waliokuwa wakitagia humo tumewahamisha jana jioni.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya BMU