Mpigakura asaidiwe, si kuhimizwa tu

Mhariri,

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 9, 2022 ulipofika, majina 22,120,458 yalikuwa kwenye sajili ya wapigakura. Waliojitokeza vituoni ni takriban asilimia 65. Zaidi ya watu milioni 7.7 waliokuwa tayari wamejisajili hawakupiga kura, ilhali mshindi wa urais alimpita aliyemfuata kwa kura 233,211. Kura nyingine 113,614 za urais zilikataliwa, karibu nusu ya pengo hilo. Wenye kura hizo walirauka, wakapanga foleni, wakapakwa wino kidoleni, na bado sauti yao haikuhesabiwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba asiyejali siasa aachwe, kwa kuwa ukimsukuma atachagua ovyo. Nakubaliana nao kwa jambo moja: hakuna anayefaa kulazimishwa. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia uhuru wa kufanya uamuzi wake wa kisiasa, na kutopiga kura kunaweza kuwa mojawapo ya maamuzi hayo. Lakini Kifungu cha 83(3) kinataka mipango ya usajili na ya uchaguzi iwarahisishie raia wanaostahili, wala isiwanyime haki yao. Kwa hiyo kumsaidia mpigakura ni wajibu uliomo katika Katiba. Isitoshe, yule tunayesema aachwe haachwi. Mwenye bahasha ya pesa humfikia wa kwanza.

Kizuizi cha kwanza ni kitambulisho. Tume ya uchaguzi, IEBC, husajili kwa kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Ile karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki, na kila msimu vijana hurudishwa kwa sababu yake. Anayetaka kupiga kura Agosti 10, 2027 asingoje shamrashamra za mwaka wenyewe wa uchaguzi, kwani sajili hufungwa siku 60 kabla ya kura na kitambulisho huweza kuchelewa. Wakati huohuo, vitambulisho vilivyo tayari hulala kwenye ofisi za usajili na vituo vya serikali vya Huduma bila wenyewe kuvifuata. Pendekezo langu kwa tume ni hili: karani mmoja mwenye mashine ya usajili aketi mahali vitambulisho vinapochukuliwa. Kijana apokee kadi yake, asogee meza ya pili, achukuliwe alama za vidole na picha, aondoke akiwa mpigakura. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 ya sajili, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017. Kumwambia kijana wa kibarua afunge safari mbili, kila moja ikimgharimu ujira wa siku, ni kumwambia akae nyumbani.

Kizuizi cha pili ni umbali. Kenya haina kura ya mapema wala kura ya posta. Unapiga kura pale jina lako lilipo, siku ileile, basi. Maelfu wanaishi Nairobi au Mombasa huku majina yao yakiwa kijijini, na nauli nazo hupanda watu wanaposafiri kwa wingi. Dawa ni kuhamisha usajili mapema: unakwenda mwenyewe na kitambulisho kwenye ofisi ya IEBC ya eneobunge unaloishi sasa, unajaza fomu, unataja kituo unachotaka. Usijisajili mara ya pili, kwa kuwa hilo ni kosa la jinai. Kisha hakikisha mabadiliko yameingia wakati sajili inapofunguliwa kukaguliwa. Wengi huruka hatua hii ya mwisho na hugundua siku ya kura kwamba jina bado liko kule kule.

Siku yenyewe, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni wakati huo ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia, na asikubali kufukuzwa. Beba kitambulisho kilekile ulichojisajilia: uliyejisajili kwa pasipoti uje na pasipoti. Palipo na wapigakura zaidi ya 700 kituo hugawanywa, na majina hupangwa kwa alfabeti. Soma orodha mlangoni kabla ya kupoteza saa tatu kwenye foleni isiyo yako. Mashine ikikataa vidole vyako, jambo la kawaida kwa wakulima, waashi na wazee ambao vidole vimesuguliwa na kazi, usiondoke. Karani anaweza kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho, na fomu maalumu hujazwa mbele ya mawakala wa wagombea.

Hapo ndipo unapopewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Weka alama moja tu kwenye kila karatasi, ndani ya kisanduku cha unayemtaka. Usiandike jina lako, sahihi wala nambari ya kitambulisho, maana kura inayomtambulisha mwenyewe huweza kukataliwa. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, mrudishie msimamizi wa kituo karatasi hiyo, aifute na kukupa nyingine. Wengi hawalijui hili, na kwa aibu hutumbukiza kura wanayojua imeharibika. Linganisha pia rangi ya karatasi na ya kifuniko cha sanduku.

Lakini pale msaada unapogeuka kuwa mtego ni kwa asiyejua kusoma, asiyeona au asiyeweza kutumia mikono. Kanuni zinamruhusu kuja na mtu anayemwamini, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayetia sahihi fomu ya kiapo cha kutunza siri. Mtu huyo husaidia mpigakura mmoja tu katika uchaguzi huo. Asipokuja na mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombea. Tatizo liko hapa: mpigakura hulazimika kutamka chaguo lake, na kila wakala anasikia. Wanunuzi wa kura wanalijua hili vizuri. Humwelekeza aliyepokea pesa aseme hajui kusoma, ili wakala athibitishe kwamba mzigo umefika.

Ili kuepuka mtego huo, mjukuu, jirani au mhudumu wa kanisa au msikiti aandaliwe wiki kadhaa kabla, mmoja kwa kila mzee anayehitaji. Na wasiojua kusoma waonyeshwe kwamba karatasi ya kura ina picha ya mgombea na alama ya chama. Anayetambua picha hahitaji msaidizi. Kinachomshinda ni woga wa karatasi asiyowahi kuishika, na woga huo huisha akifanya mazoezi kwa karatasi za mfano zenye picha za matunda au wanyama, wala si za wagombea halisi. Naiomba IEBC izichapishe na kuzisambaza kwa machifu, shule na vikundi vya akina mama angalau miezi mitatu kabla ya kura, badala ya kuweka nguvu zote kwenye matangazo ya redio.

Anayesaidia naye awe na mipaka. Asishike kitambulisho cha mtu hata kwa dakika chache nje ya kituo, asitoe "nauli" iliyotoka mfukoni mwa mgombea, na asiulize baadaye, "Ulimpigia nani?" Anayeulizwa hivyo ana haki ya kunyamaza, na aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

Mwelimishaji wa wapigakura,
Kilifi