Soda kwenye duka la shule

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na kamati za shule zetu. Pita shuleni saa nne, wakati wa mapumziko: watoto wamebanana kwenye kidirisha cha duka, huyu kashika soda, yule anafyonza juisi ya unga iliyogandishwa kwenye kifuko. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5, yaani kama vijiko sita kwa mtu mzima. Mtoto kavipita kabla ya chakula cha mchana, na asubuhi alishakunywa chai ya kunata midomo!

Meno ndiyo huanza kulalamika. Ini nalo hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta, uzito unapanda, na kisukari cha aina ya pili kinapata njia.

Najua duka huchangia mfuko wa shule. Basi liuze ndizi, machungwa, karanga na maji baridi. Wazazi, tudai hilo kwenye kikao kijacho.

Mzazi,
Tanga