Watafiti tuajiriwe nyumbani

Mhariri,

Nilihitimu uzamivu wa baiolojia miaka miwili iliyopita. Sampuli zangu za mbu bado zimo kwenye friza ya watu, na kila mwezi naulizwa nitaziondoa lini. Matangazo ya vyuo yanataka wahadhiri. Ajira ya utafiti baada ya uzamivu sijaiona. Chuo kimoja kilinijibu cheo hicho hakimo kwenye muundo wao.

Basi tunaomba Ulaya. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti, unataka kwanza upate profesa wa kukupokea, nao hauchukui mwenye zaidi ya miaka 8 ya utafiti tangu uzamivu. Nimeandikia maprofesa 14, wamejibu wawili. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia mnaofadhili miradi ya utafiti, mbona hamtengi fungu la mishahara yetu?

Mtafiti asiye na maabara,
Morogoro